Msalato Jumamosi: nyama ya mnadani kwa ulimi wa mtu wa Tanga

Kila mtu akipata uhamisho wa kuja Dodoma, au akiitwa semina ya siku tano, hunitumia ujumbe ule ule: "Dada, huko wikendi mnafanya nini?" Nimejibu hadi kidole gumba kimeota sugu, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote. Jumamosi asubuhi usinywe chai nzito. Saa nne toka nyumbani, shika barabara ya Arusha, shuka Msalato, ingia mnadani, kula nyama. Mambo mengine ya mji huu yatasubiri Jumatatu, na mengi yake hayafunguliwi kabla ya hapo.

Nijieleze kwanza, maana anayesifia chakula lazima ajulikane kwao ni wapi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Nimelelewa kwa samaki wa nazi, mahamri ya iliki na upepo wa bahari. Dodoma sikuja kwa mapenzi, nililetwa na barua. Ilikuwa Septemba 2017, mwaka na ushee baada ya Rais Magufuli kutangaza, Julai 2016, kwamba Serikali inahamia Dodoma na safari hii si maneno. Uamuzi wenyewe ni wa mwaka 1973, enzi za TANU, kwa hiyo watumishi wengi tulikuwa tumezoea kuusikia kama tunavyosikia habari za kiama: utakuja, lakini si leo. Ukaja. Watu wa masjala tulitangulizwa kwa sababu mafaili hayasafiri yenyewe. Nilikaa mbele ya lori, kati ya dereva na kasha lililofungwa kwa kamba ya katani ya kwetu Tanga. Tulipopita Kibaigwa nikaona mibuyu isiyo na jani hata moja, imesimama kwenye udongo mwekundu kama watu walioishiwa nauli. Nikamuuliza dereva kama bado ni mbali. Akasema, "Dada, tazama vizuri, hapa ndiyo pazuri."

Mwaka wa kwanza niliishi kwa chipsi mayai na manung'uniko. Dodoma ya wakati ule ilikuwa mji wa siku tano. Ijumaa alasiri ungedhani kuna king'ora kimelia: mabegi yanatoka chini ya meza, watu wanakimbilia mabasi, saa nane za njia mpaka Dar kwenye wake, waume na watoto. Jumapili usiku wanarudi macho mekundu. Siku hizi ni treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na safari imeshuka hadi saa tatu na kitu. Mazoea hayajafa lakini. Tunaobaki Jumamosi ni wale ambao nauli imekataa, wale ambao huko hakuna anayewasubiri, na wenyeji. Mimi nilianza kwenye kundi la kwanza.

Aliyenipeleka Msalato ni bibi mwenye nyumba wangu. Ni Mgogo wa Miyuji tangu Miyuji ikiwa mashamba. Alinikuta kizingitini Jumamosi moja, simu mkononi, nimenuna.

"Mbukwa," akanisalimu. Nikaitikia vilevile, ndiyo Kigogo pekee niliyokuwa nayo.

"Mwanangu, unaumwa njaa au unaumwa kwenu?"

Nikamwambia vyote viwili. Akaniambia cha kwenu sina dawa yake, chukua kikapu twende.

Kwa asiyejua, Msalato iko kaskazini mwa jiji, kama kilomita kumi na mbili hivi kutoka katikati. Ukiwa mjini panda daladala, ukiwa na haraka kodi bajaji, ila patana bei kabla hujakaa, maana dereva akinusa kwamba ni siku ya mnada na wewe ni mgeni, hesabu yake inabadilika. Kibao cha kukuelekeza usikitafute. Tafuta vumbi. Likionekana limesimama juu ya barabara upande mmoja, na ng'ombe wanavuka bila kumuuliza mtu, umefika.

Mnada ni sehemu mbili ambazo kwa macho ya mgeni ni moja. Kuna mnada wenyewe, wa mifugo: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda wachache, wafugaji wenye fimbo na madalali wanaoongea kwa vidole. Huko mimi si mteja, nasimama pembeni kama mtoto kwenye mechi. Halafu kuna gulio linalouzunguka: mitumba kwenye maturubai, sufuria, vinu na michi, vibuyu, viatu vya matairi, mafuta ya alizeti kwenye madumu, ubuyu, ukwaju, mlenda mkavu unaopimwa kwa kopo. Nimewahi kumwambia mdogo wangu kwamba Dodoma ni mji pekee ambao ofisi za Serikali ziko Mtumba na mitumba iko Msalato. Hakucheka. Mtu wa Dar hajui kwamba Mji wa Serikali umejengwa kwenye kata inayoitwa hivyo.

Katikati ya hayo yote ndipo moshi unapotoka, na moshi ndio niliokuja kuuhukumu.

Utaratibu ni huu. Nyama imetundikwa, ya asubuhi ile ile. Unachagua kipande kwa kidole: mguu, mkono, mbavu, shingo. Muuzaji anakipima mbele yako, unalipa, wengi wao siku hizi wana lipa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi, kisha kipande chako kinakabidhiwa kwa mchomaji. Mara ya mwisho nililipa 14,000 kwa kilo ya mbuzi, na uchomaji ulikuwa ndani ya bei hiyo. Hakuna menyu, hakuna risiti, hakuna anayekuuliza unataka iive kiasi gani. Ukikaa karibu unaweza kumwambia mchomaji, "Kaka, yangu usiikaushe," naye ataitika, kisha ataichoma anavyojua yeye. Mimi nilikwishaacha kubishana. Anajua.

Viungo ni chumvi. Narudia kwa faida ya watu wa Pwani wenzangu, ambao tukiona nyama tunatafuta tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi na mtindi: chumvi, basi. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani wamesahau. Kisha nikauma. Mbuzi wa huku hakulishwa kwenye banda, ametembea. Nchi ya Wagogo ni kame, mvua yake haifiki milimita mia sita kwa mwaka na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo mbuzi huyu maisha yake yote amekula vijiti, miiba, majani machungu na maganda ya migunga. Ladha hiyo yote iko ndani ya nyama. Ukiipaka tangawizi unaifunika. Mafuta ni machache, yapo pembeni tu mwa mbavu, na moto wa kuni unayageuza kuwa kitu kinachovunjika kama kaukau. Mguu ni mgumu kidogo, sitadanganya, unadai meno. Ukiwa na meno ya bandia agiza mbavu.

Ikishaiva inakatwakatwa kwa panga juu ya gogo. Mwenye masikio atacheka, na wenyeji wanacheka wenyewe: masimulizi yanayotajwa sana ni kwamba jina la Wagogo lilitolewa na wafanyabiashara wa misafara waliowakuta wamekaa juu ya magogo. Basi kwenye gogo hilo hilo unawekewa kilima cha chumvi, pilipili mbuzi iliyopondwa, ndimu, na kachumbari ukiomba. Sahani ukitaka utapewa, ila utaonekana unatoka wizarani.

Kuhusu ugali. Wachomaji wengi watakuuliza kama unataka wa mahindi, kwa sababu ndio wageni wanaoutaka. Omba wa uwele au mtama. Si kila siku upo, lakini wakinamama wawili watatu upande wa mitumba huwa nao, rangi ya majivu, mzito, una utamu wa mbali kama wa karanga mbichi, na pembeni mlenda. Kuhusu mlenda nilikuwa na msimamo mkali: kitu kinachoteleza hivyo si chakula, ni ajali. Bibi alinifundisha kuukata kwa tonge kwa kuzungusha kidole, haraka, kabla haujavutika. Ilinichukua miezi. Sasa nikienda Tanga nauchukua mkavu kwenye mfuko, na mama yangu anautazama kama nimeingia na mchanga.

Kwa wanaouliza kama ni halali: wauzaji ninaokula kwao mbuzi wao anachinjwa na Mwislamu, uliza, utajibiwa bila hasira. Kitimoto ina upande wake na wapenzi wake, na Dodoma ina wapenzi wengi sana wa kitimoto. Mvinyo pia sitauhukumu, sinywi. Zabibu zenyewe ndizo nitakazozisema. Wamisionari wa Bihawana walizileta huku miaka ya 1950, ardhi ikazipokea kana kwamba ilikuwa inazisubiri, na mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Ukija kwenye Machi au kwenye Agosti na Septemba utazikuta barabarani kwenye ndoo, nyeusi, ndogo, zina mbegu, ngozi ngumu. Nyumba yenye mtoto wa jino la kwanza usimpe. Kwa mtu mzima aliyetoka kula mbuzi wa chumvi, hakuna kinywaji kinachosafisha mdomo kama hivyo vishada vilivyooshwa kwenye maji ya dumu.

Sasa lawama, maana zipo.

Vumbi. Kuanzia Juni hadi Novemba upepo wa hapa hauna adabu, unainua ardhi na kuiweka kwenye kachumbari yako. Kaa kwa kuupa mgongo, vaa nguo usiyoipenda. Choo nenda kabla hujatoka nyumbani, hapo sitasema zaidi. Maji ya kunawa yanaletwa na mtoto kwenye jagi, na yakiisha yameisha. Mji mzima unaishi hivyo, tunayajua mapipa yetu kama tunavyojua watoto wetu, ingawa visima vya Mzakwe vinavyonywesha jiji haviko mbali na hapo unapokaa. Maji yenyewe yana chumvi yake, chai ya Dodoma haijawahi kunitoka kama ya nyumbani. Spika. Kila mwenye maturubai ana spika yake, na zote zinapiga nyimbo tofauti.

Na mizani. Wengi ni waaminifu, ila kuna mmoja, simtaji, miaka mitatu iliyopita aliniuzia kilo mbili ambazo zilipotoka motoni hata kilo moja hazikufika, nusu yake mfupa wa goti. Nilipouliza akaniambia nyama ikiona moto inaogopa, inasinyaa. Nilicheka, na kwa kuwa nilicheka nikawa nimeshindwa. Tangu hapo namsimamia muuzaji akikata, na mfupa wa goti naurudisha kwa heshima.

Ili mniamini kwamba silinganishi na njaa, mwaka jana tulimuaga bosi wetu kwenye mgahawa mmoja mpya wa mjini, ghorofa la vioo, kiyoyozi, wahudumu wenye vizibao vyeusi. Niliagiza "mbuzi choma wa Dodoma", ndivyo ilivyoandikwa. Ikaja kwenye kibao cha mbao, imelowekwa kwenye sosi tamu, imepambwa na jani. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya Msalato, na kipimo kingemuaibisha mwenyeji yeyote. Ilikuwa laini, ndiyo. Ilikuwa laini kama kitu ambacho hakijawahi kutembea. Mwenzangu wa Uhasibu alikula akafuta mdomo, akaninong'oneza, "Jumamosi tupo kule?" Nikamwambia tupo.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaoniambia Dodoma imekua. Imekua, nani anabisha? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hii. Ya 2022 ikahesabu 765,179, na katikati yake, tarehe 26 Aprili 2018, tukaamka tumekuwa jiji. Nilipofika, kutoka Miyuji kwenda kazini nilikuwa nakutana na mbuzi kuliko magari. Sasa kuna foleni. Kuna barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, njia nne, inayopita Veyula huko mbele kidogo ya Msalato. Kuna Soko Kuu na stendi kubwa ya mabasi Nzuguni. Kuna Chuo Kikuu kilichoanza 2007 ambacho wanafunzi wake wamejaza vyumba vya kupanga mpaka vilimani. Msikiti wa Gaddafi, ninaoswalia Ijumaa, una nafasi ya kumezea kijiji. Na hapa hapa Msalato, ukiwa umekaa na mbavu zako mkononi, jirani yako ni uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, ule ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Mbuzi wanauzwa, na karibu nao kuna lami ya kutua ndege kubwa kutoka ng'ambo.

Lakini ukitaka kuonja mji, utauonja wapi? Kwenye lami? Mgeni akija semina hulala kwenye loji ya Area D, huenda ukumbini, hurudi lojini, hula kuku wa kizungu, Ijumaa huondoka. Ameiona nchi nzima ikijadiliwa kwenye skrini, na Wagogo hajawaona. Akiwaona ni kwenye ufunguzi wa mkutano, wakinamama wenye ngoma za muheme zilizobanwa mapajani, dakika tano, makofi, halafu mshereheshaji anasema tuendelee na ratiba. Mimi muheme niliusikia vizuri kwa mara ya kwanza Msalato, pembeni ya mitumba, wakinamama wanne wametoka kwenye sherehe yao na hawakuwa na haraka. Hawakuwa wanamtumbuiza mtu. Ngoma ile haipigwi kwa nguvu kama vijana wa siku hizi wanavyodhani, inasemeshwa, mmoja anauliza mwingine anajibu, na sauti za juu zinapita juu yake kama ndege. Nilisimama na kikapu mpaka nyama yangu ikapoa. Hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliichukua zeze na ilimba ya nchi hii akaizungusha duniani, akafariki 2003, na mpaka leo mtumishi mwenzangu mwenye shahada mbili aliniuliza Zawose ni kata gani. Kama unataka zaidi ya nilichokipata mimi kwa bahati, kuna tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino, nenda, ila hiyo ni habari ya siku nyingine.

Bibi yeye ana hesabu zake za maendeleo. Shamba lake la uwele na kipande cha zabibu vilipimwa viwanja. Akauza viwili, akajenga vyumba sita, vyote vina watumishi. "Serikali ilipokuja," huwa anasema, "mbuzi zangu zilipungua, wapangaji wakaongezeka. Mbuzi hawachelewi kodi." Hasemi kwa uchungu, anasema kama mtu anayesoma bei sokoni. Kodi yangu inamsomesha mjukuu. Lakini uwele anaokula sasa ananunua, na anaununua Msalato, kwa kopo, kutoka kwa watu wa vijiji vya mbali ambavyo bado havijapimwa. Alinionyesha siku moja tukiwa kwenye bajaji mahali shamba lilipokuwa. Kuna ukuta, geti jeusi na kamera.

Nimeanza kuangalia vigingi vya upimaji kila nikienda mnadani. Kila mwaka viko karibu zaidi. Nikiona kigingi kipya nanunua robo ya ziada, sijui kwa nini, kana kwamba ninaweka akiba.

Basi juzi nilipata mgeni. Mdogo wangu anafanya kazi Dar, hajawahi kuikanyaga Dodoma, na kwa miaka yote hii amekuwa akiniita "dada wa jangwani". Alikata tiketi ya treni ya daraja la kawaida, 31,000, akaja Ijumaa jioni wakati watumishi wenzangu wanakwenda kwake. Alifika ananukia manukato, nywele hazijachafuka, akasema njia nzima hakumaliza hata chupa ya maji. Nikakumbuka lori langu nikanyamaza.

Jumamosi nikampeleka. Bibi siku hizi magoti hayamruhusu, kwa hiyo huniagiza, na agizo lake halibadiliki: shingo. Shingo ya mbuzi ichomwe nusu, ifungwe kwenye karatasi, yeye ataimalizia chunguni na kuitia mlenda. Amekula hivyo tangu akiwa binti. Nikaagiza shingo ya Bibi na mbavu zetu kwa mchomaji wangu wa siku zote, nikamwachia mdogo wangu benchi na ulinzi wa moto, mimi nikaenda kutafuta ugali wa uwele.

Yule mama wa ugali alikuwa na foleni. Nilirudi baada ya nusu saa. Mdogo wangu alikuwa amevua viatu vya kamba, amekunja mikono ya blauzi nyeupe, mafuta mpaka kwenye kiwiko, na anajadiliana na mzee wa Kigogo wa benchi la pili kuhusu bei ya ndama. Mbele yake mbavu zilikuwa nzima, hazijaguswa. Kwenye gogo palikuwa na rundo dogo la pingili za mifupa zilizosafishwa vizuri kabisa.

"Dada," akasema, "hiki kingine kilichelewa kuiva nikamwambia kaka amalizie. Hiki ndicho kitamu. Hiki ni nini?"

Nikamwambia hiki ni kodi ya mwezi wa pili.

Shingo nyingine hazikuwepo, saa hiyo ilikwisha kuwa saa nane na wajuzi wamezichukua mapema. Huo ndio ushauri wangu wa mwisho kwa msomaji: mguu utaupata mpaka jioni, mbavu mpaka saa tisa, shingo na maini ukichelewa saa sita umekosa. Tulimletea Bibi mbavu nzuri, kilo na robo, na zabibu ndoo ndogo juu yake. Akafungua karatasi, akageuza kipande kimoja kimoja taratibu, kama mimi ninavyokagua faili lililopungua ukurasa. Akamtazama mgeni. Mgeni akatazama mbuyu.

"Huyu atarudi lini kwao?" Bibi akauliza.

"Kesho jioni, Bibi."

"Kwa treni?"

"Kwa treni."

Akafunga karatasi. "Basi ana muda. Msalato ni mpaka Jumamosi, lakini bucha ya hapo chini inafungua kesho asubuhi."

Mdogo wangu aliamshwa saa kumi na mbili.